Meno Yanashuka Tena Pwani

Mimi nilioa mwanya. Upishi, tabia na ukoo niliyakuta baadaye. Kilichonisimamisha barabarani miaka ile ni ile nafasi ndogo kati ya meno mawili ya mbele ya juu, ambayo mwenyewe alijua kuitumia: hacheki mpaka umekaribia. Mama yake alikuwa na mwanya, bibi yake alikuwa na mwanya. Binti yetu alipong'oka meno ya utoto na kuota ya ukubwa, mwanya ukaja pale pale, nami nikatulia nikijua upande huo wa malezi umekwisha.

Kumbe wapi. Binti sasa yuko kidato cha tatu, na likizo moja alitangaza mezani kwamba ule si mwanya, ni kasoro.

"Baba, meno yangu hayajapangwa."

"Nani alikuwa na zamu ya kuyapanga?"

Mama yake akanikata jicho, nikarudi kwenye ugali wangu. Kwa haki, mtoto alikuwa na hoja. Juu kuna nafasi ya kuwagawia jirani, lakini chini meno yanagombea kiwanja: mawili yamesimama upande, moja limerudishwa nyuma na wenzake, na huko juu chonge la kushoto limeota juu kabisa ya fizi. Hayo nilikubali. Ila mwanya! Hapa hapa Unyamwezi mtu anatuambia mwanya ni ugonjwa?

Wageni waliopita huku karne ya 19, Burton akiwa mmoja wao, waliandika kwamba Wanyamwezi walikuwa wakichonga kona za ndani za meno mawili ya mbele ya juu ili pawe na uwazi. Yaani aliyekosa mwanya kwa Mungu aliupata kwa fundi. Wala hatukuwa peke yetu. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora kuanzia mwaka 1937, alikuwa na meno ya mbele yaliyochongwa kwa mila ya kwao Uzanaki, na kwa meno hayo hayo akaongoza nchi mpaka 1985. Sijasikia kikao cha Umoja wa Mataifa kilichoahirishwa kwa sababu yake.

Nisionekane natetea kila kitu cha zamani. Meno ya watoto wetu hayajawahi kuachwa yapumue, na mengine yanayofanywa si ya kuchekea. Mpaka leo wapo wanaoamini "meno ya plastiki": mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, anapelekwa kwa mtu mwenye kisu au spoku ya baiskeli, anafukuliwa fizi mahali zitakapotokea chonge, eti ndizo zilizoleta maradhi. Linalotolewa ni chipukizi la jino la kweli. Kuharisha kunabaki vilevile, kidonda kinaongezeka, wengine wanapoteza maisha kwa maambukizi, na anayepona huenda chonge zake za ukubwa zikaota kombo au zisiote kabisa. Ukimpima mtu wa namna hiyo na daktari anayefunga vyuma, nitamchagua daktari mara zote. Malalamiko yangu kwake ni mengine.

Tunakaa Kitete, jirani na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo mjini hapa hakuna mwenye muda wa kuiita kwa jina refu. Ni Kitete tu. Jino likiniuma nakwenda kwa miguu nikiwa nimeshika shavu. Lakini kupanga meno ya mtoto ni kazi ya bingwa wake maalumu, na mabingwa hao nchini ni wa kuhesabika, na wengi wao wameamua kuhesabikia Dar es Salaam.

Kutoka Tabora mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800. Njia hiyo tunaijua, maana babu zetu waliikata kwa nyayo, na mzigo wao mkubwa ulikuwa ni huu huu. Zile pembe zinazotoka mdomoni mwa ndovu ni meno yake ya mbele ya juu, yasiyokoma kukua. Kwa hiyo mji huu wote, na tembe zake, na miembe yake, na sifa zake zilizofika mpaka Maskati, ulinenepa kwa biashara ya meno. Mpagazi wa Kinyamwezi alitupia begani kilo thelathini na zaidi, msafara ukala miezi mitatu hivi hadi Bagamoyo. Burton, aliyekuja upande wa huku mwaka 1857, alitumia siku 134 kutoka pwani, na njiani alilalamika kuliko mimi. Kutoka Unguja meno yakapandishwa merikebuni, na mengi yakaishia katika vimiji vya Ivoryton na Deep River, jimbo la Connecticut kule Marekani, yakapasuliwa vibapa vyembamba vya kufunikia vibonyezo vya piano. Kabla ya hapo Wazungu walikuwa wanajichongea hata meno ya bandia kutoka kwa ndovu na kiboko. Sisi tulikuwa tunawapelekea wao meno.

Siku hizi kuna nafuu. Reli ya kati iliyofika Tabora mwaka 1912 bado ipo, nayo ina subira kuliko mimi. Mwenye haraka anapanda basi hadi Dodoma, halafu treni ya umeme iliyoanza kazi mwaka 2024, ambayo inakufikisha Dar kabla hujamaliza kulalamikia nauli ya basi. Bado ni safari ya kuamka usiku, kulala kwa ndugu, kununua zawadi ya ndugu, na kurudi na jamaa wa ndugu anayetaka kuiona Tabora.

Tulipofika kliniki mara ya kwanza, mlinzi wa getini alikuwa Mzaramo. Aliposikia tunakotoka alifurahi kupita kiasi, maana Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara hiyo hiyo.

"Karibuni watani! Zamani mlikuja na meno ya ndovu, mkarudi na nguo na shanga. Sasa mmeleta meno ya mtoto, na hela mnaacha nyie?"

Nikamwambia Mzaramo hajui uzito wa mzigo kwa sababu hajawahi kubeba.

"Ndiyo maana mgongo wangu mzima," akajibu, akatuandika kitabuni.

Daktari alikuwa kijana mpole, mwenye meno yaliyonyooka kiasi cha kutia shaka. Akatoa taya la plastiki, akaanza somo. Vyuma vya kawaida, akasema, ni hivi: kila jino linagandishwa kijichuma kwa gundi inayokaushwa na taa ya bluu. Kijichuma hicho wao wanakiita braketi. Katikati ya braketi kuna mfereji, na waya mmoja unapita kwenye mifereji yote kutoka gego hadi gego. Ili waya usitoke, kila braketi inafungwa kipete cha raba, cha rangi unayotaka. Raba hizo zinalegea, zinanasa uchafu, binzari ya mchuzi inazigeuza njano, na kila ukirudi lazima zitolewe zote na kuwekwa nyingine.

Kisha akasogeza taya la pili, na sauti ikashuka, ile sauti ya muuza viwanja. Hizi sasa, mzee wangu, ni za kujifunga zenyewe. Hakuna raba. Kila braketi ina kilango chake cha chuma, unasukuma hivi, kinafunguka, waya unaingia, unasukuma tena, kinafunga. Akanipa nijaribu. Kilikuwa na upana wa milimita tatu hivi, na kilifunga kwa mlio mdogo wa kuridhisha kabisa. Nakiri ni kazi nzuri ya ufundi. Kama kitasa cha kabati la bibi arusi kingefungwa vizuri hivyo, ndoa nyingi zingedumu.

Kwa kuwa waya haubanwi na raba, akaendelea, unateleza bila kukwama. Meno yanakwenda haraka. Maumivu madogo. Miadi michache. Kila alipotaja faida moja nilisikia bei ikipanda ngazi moja. Tofauti kati ya vyuma vya raba na vya kilango ilitosha kunianzishia ufugaji wa nyuki. Lakini mtu wa Tabora akiambiwa "miadi michache" masikio yanasimama. Nikauliza: michache kiasi gani? Akasema vya raba mgonjwa hurudi kila wiki nne hadi sita, vya kilango anaweza kwenda hata wiki nane au kumi. Nikapiga hesabu ya nauli za watu wawili, nikasema funga.

Mpwa wangu anasoma udaktari wa meno Muhimbili. Nilipompigia kujisifu kwamba tumenunua teknolojia mpya, akacheka kwanza, jambo ambalo kwa mjomba si adabu. "Anko, vilango si vipya. Vya kwanza vilitoka New York mwaka 1935." Bwana mmoja Stolzenberg ndiye aliyevitengeneza, na badala ya kusukuma ulikuwa unakaza skrubu bapa ndogo mbele ya jino. Kazi ikafifia, ikafufuliwa miaka ya 1970, Mkanada mmoja akaleta kilango cha springi, Mmarekani Dwight Damon akaja na chake mwaka 1996, na tangu hapo biashara haijapoa. Kuna vilango vinavyokaa tu mlangoni kuzuia waya usitoke, na kuna vyenye springi inayousukuma waya ndani. Mashabiki wa hivi na wa vile wanabishana mfano wa Simba na Yanga.

"Sasa haraka iko wapi?" nikamuuliza.

Akanisomea. Mwaka 2010 jopo la watafiti wa Marekani lilikusanya tafiti zilizolinganisha vyuma vya aina zote mbili, likatafuta tofauti. Walichoona kina uzito ni viwili tu: meno ya mbele ya chini yanainama nje kwa digrii moja na nusu hivi pungufu, na daktari anaokoa dakika chache kwenye kiti, kwa sababu kusukuma kilango ni kwepesi kuliko kufunga vipete vya raba kimoja kimoja. Kuhusu tiba nzima kuisha mapema, hawakuona. Maumivu, vilevile. Majaribio yaliyofuata ya kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu nayo hayakukuta vilango vikimaliza kazi mapema.

Nikakaa chini ya mwembe nikatafakari. Nimetoka Tabora. Nimelala kwa shemeji Tabata. Nimelipa nyongeza ya bei. Na kilichookolewa ni dakika za daktari.

Na ukifikiri, kosa si la kilango. Jino haliendi kwa sababu waya unateleza. Linakwenda kwa sababu mfupa unaliruhusu. Waya unasukuma jino, jino linabana mfupa upande mmoja, mwili unatuma chembe za kumung'unya mfupa huo, na upande wa pili, ule ulioachwa wazi, unatuma chembe nyingine za kujenga mpya. Kazi hiyo ina mwendo wake, milimita moja kwa mwezi hivi, na ukizidisha nguvu hupati kasi, unapata maumivu na mizizi ya meno inayolika. Waya wenyewe ni wa nikeli na titani, mchanganyiko ambao sifa yake ya kukumbuka umbo iligunduliwa katika maabara ya jeshi la majini la Marekani. Unaukunja, joto la mdomo likiupata unakumbuka ulivyokuwa na kuvuta kurudi. Binti yangu, mzaliwa wa mji usio na bahari, anatembea na mali ya wanamaji mdomoni, na bado mfupa wake unakwenda kwa mwendo wa mpagazi.

Lakini wiki nane zilibaki, si ndiyo? Hizo ndizo zilizonifanya nilipe. Ngoja nikueleze. Tulipomaliza siku ile, dada wa mapokezi akatupa kadi ya miadi: mwezi ujao. Nikamwambia dada yangu, daktari kasema wiki nane. Akasema ndiyo, meno ni wiki nane, lakini malipo ni ya kila mwezi, na mfumo unaunganisha malipo na miadi. Nikasema nitatuma kwa simu. Akasema mfumo unataka mgonjwa awepo. Nikauliza huo mfumo una meno mangapi. Binti akanivuta shati.

Kabla ya kutoka tukauziwa nta. Braketi zinakwaruza ndani ya shavu, kwa hiyo unamega nta, unaviringisha kwa vidole, unabandika juu ya chuma kinachosumbua. Kiboksi kidogo cha plastiki, ndani vijiti vitano vyembamba, bei sitaitaja kwa heshima ya wenye shinikizo la damu. Nta! Mimi natoka Tabora. Asali na nta ni mali yetu tangu kabla ya Mjerumani, inasafirishwa ng'ambo kwa tani, chuo cha ufugaji nyuki kiko hapa hapa mjini, na kwenye stoo ya mama mkwe kuna bonge la nta lenye ukubwa wa kichwa cha mbuzi, linalosubiri mnunuzi tangu masika. Nikalipa. Tulipofika nyumbani bibi yake akakinusa kile kiboksi, akakivunja kijiti kwa kucha, akasema hii imechanganywa. Akaenda stoo, akarudi na kipande chake, akakisafisha kwa maji ya moto na kukichuja kwa kitambaa. Mtoto sasa ana shavu lenye harufu ya mzinga na analala usingizi. Daktari alipoambiwa alitabasamu, akasema nta safi haina tatizo, kisha akaandika kitu kwenye faili.

Chakula ndicho kilichoivunja nyumba. Tulipewa karatasi ya makatazo, na aliyeiandika ni dhahiri hajawahi kuishi huku. Inakataza barafu, karameli na pizza ngumu, vitu ambavyo binti huviona kwa simu. Haikutaja matobolwa. Kwa msomaji wa mbali: viazi vitamu tunavikata na kuvianika vibichi, hiyo ni michembe, au tunavichemsha kwanza ndipo tunavikata na kuvianika, hayo ni matobolwa, na yakikauka sawasawa yanaweza kutumika kuzuia gurudumu la lori mlimani. Unayatafuna polepole huku unaongea, ni chakula cha mtu mwenye meno na muda. Braketi ya kwanza ilibanduka kwa tobolwa. Ya pili ilibanduka kwa hindi la kuchoma, na hapo mama yake akapiga marufuku jiko zima la mkaa. Historia iko upande wake: Livingstone, ambaye tembe lake la Kwihara bado watu wanakwenda kulitazama, alilalamika katika barua zake kwamba mahindi magumu na vyakula vya safarini vimemharibu meno. Angefungwa vyuma asingefika hata Kwihara.

Msimu wa maembe sasa ndio msiba. Karatasi inasema tunda likatwe vipande vidogo kwa kisu. Embe la Tabora, la kuokota chini ya mti wake, kulikata kwa kisu na kulila kwa uma! Mdogo wake wa kiume anakaa mbele yake makusudi, analing'ata kwa meno ya mbele, utomvu unamtiririka hadi kiwikoni, hasemi kitu. Dada mtu akajaribu mara moja, nyuzi zikajifunga kwenye waya mzima, tukamtoa zile nyuzi kwa kimswaki chake chembamba tangu magharibi mpaka taarifa ya habari. Mswaki wa mti, ambao bibi yake anautumia tangu ujana na meno yake yote yapo, haupiti kwenye vyuma. Bibi amelichukulia hilo kama tusi.

Na usiku mmoja kilango kikafunguka. Kile kile cha kujifunga chenyewe. Chonge la kushoto, lile lililoota juu, ndilo linalovutwa kwa nguvu zaidi, na waya ulipoona njia ukatoka, ncha yake ikawa inachoma shavu. Ilikuwa Jumamosi. Kliniki iko kilomita zile nilizotaja. Mtoto analia, mama yake anasema nilimwambia, sijui alimwambia nani. Jirani yetu fundi simu akaja na vibisibisi vyake na miwani ya kukuzia, akachungulia, akarudi nyuma hatua mbili. "Mzee, hii mimi siigusi. Simu ikifa mwenyewe hapigi kelele."

Nikampigia daktari, na hapa nampa sifa yake, alipokea. Akaniambia nimulike. Nikawasha tochi ya simu, nikamwambia binti afunue mdomo, na kwa mara ya kwanza nikaona nilichonunua. Vijichuma vimepangana kwenye mstari, kila kimoja na kilango kimefungwa, vinang'aa, isipokuwa kimoja kilichokaa wazi, na ndani ya mfereji wake, badala ya waya, kumekaa kipande cha mlenda. "Asukutue kwa nguvu," daktari akasema. Akasukutua. "Rudisha waya kwa kijiti cha pamba." Mikono inatetemeka, nikaurudisha. "Sasa sukuma kilango kwa kucha." Kucha zangu ni za mtu wa bustani, haziingii. Akasogea bibi yake, kucha ndefu, ndefu kwa sababu hataki kuosha vyombo, akaweka dole moja, akasukuma. Kikalia. Bibi akafuta kidole kwenye kanga. "Hiki ndicho mlichokwenda kununua Dar?"

Tangu hapo bibi amekuwa fundi mkuu, na cheo hicho amekitumia kufungua mazungumzo juu ya mwanya. Hoja yake ni kwamba meno ya chini yanyooshwe, chonge lishuke, lakini mwanya usiguswe, maana ni wa ukoo. Aliutoa kwa mama yake, akampa binti yake, na sasa mtoto wa kidato cha tatu anataka kuufunga kwa chuma. Binti akasema bibi, ni mdomo wangu. Bibi akasema mdomo ni wako, ule mwanya umeazima. Nikadhani vita, lakini nilipompelekea ujumbe huo daktari hakushangaa hata kidogo. Akasema wapo wanaoomba waachiwe, na inawezekana kabisa kuacha milimita moja na kitu, ni suala la kupanga mapema. Wakakubaliana wanawake watatu wa nyumba yangu, kwa simu, kwa kipimo cha nusu ya sarafu. Mimi niliyeuoa sikuulizwa.

Jambo la mwisho nililoelezwa, na niliambiwa baada ya kulipa sehemu kubwa, ni kwamba vyuma vikitoka kazi haijaisha. Meno yanapenda kurudi yalikotoka. Kwa hiyo kuna kifaa kingine, wanakiita ritena, cha kuvaa usiku kwa miaka, pengine na kijiwaya cha kugandishwa nyuma ya meno ya chini kikae humo. Ritena nayo ina bei yake na miadi yake. Nikauliza kama ina kilango. Haina.

Kwenye safari hizi nimejuana na watu. Ukimwona mtoto wa sare ya shule kwenye basi la usiku, anakunywa uji kwa mrija na pembeni yake baba mwenye uso wangu, unajua. Kuna mmoja wa Nzega, kuna mama wa Urambo na mapacha, wote wawili wamefungwa, Mungu amtie nguvu. Kuna wa Sikonge anayelipia kwa tumbaku na kuomba bei isishuke. Sote tunakwenda kumwona mtu mmoja au wenzake wachache, kila mwezi, ili afungue vilango, aangalie, abadilishe waya, afunge. Nikafanya hesabu ambayo hata mpagazi asiyejua kusoma angeifanya: midomo ni mingi, daktari ni mmoja. Nani apande basi?

Nikampelekea hoja. Nilijiandaa, nikavaa na koti. Nikamwambia daktari, aje Tabora kila baada ya miezi miwili. Sisi wazazi tutachanga nauli yake, na treni ya umeme mpaka Dodoma, daraja analotaka. Atakaa kwangu Kitete, kuku wa kienyeji yupo, asali ipo, nta ndiyo usiseme. Atawaona watoto wote kwa siku mbili na kurudi. Alinisikiliza vizuri sana. Akasema ni wazo zuri, vifaa vyenyewe vinaingia kwenye sanduku moja, na kwa vilango hivi kila mtoto hachukui zaidi ya dakika kumi. Akafungua kalenda ya simu yake, akapekua mwezi ujao, na unaofuata. Nikaanza kutabasamu.

"Ni mwendo wa saa ngapi, mzee wangu?"

Nikamwambia.

"Aa, hapana," akasema. "Safari yote hiyo kwa kazi ya dakika kumi?"